LED, OLED au projekta? Angalia dirisha lako kabla ya kuuliza bei

Mechi nyingi za ligi zetu za nyumbani huanza saa kumi jioni, jua bado linawaka. Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa nne usiku, na wenzetu wakirudisha saa zao nyuma kwa majira ya baridi, inakuwa saa tano. Anayetaka kununua runinga au projekta aanzie hapo: mimi hutazama saa ngapi, na saa hizo sebuleni kwangu kuna mwanga kiasi gani? Akishapata jibu, nusu ya vitu vilivyopangwa dukani vitakuwa vimejiondoa vyenyewe.

Nasema hivi kwa sababu wauzaji wetu, wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue kule Nairobi, wanauza herufi. "Bosi, hii ni QLED, siyo LED ya kawaida." "Anko, hii 4K kabisa, mcheki huyo kasuku." Kasuku kweli anapendeza. Lakini video ile imetengenezwa ipendeze kwenye kioo chochote, na runinga yenyewe imewekwa katika mtindo wa dukani, mwanga umepandishwa hadi mwisho. Mwombe achomeke king'amuzi akuwekee mpira au taarifa ya habari. Hapo utaona runinga mbili zilizofanana kama pacha zikianza kuachana.

Inayoitwa LED

Runinga inayouzwa kwa jina la LED ni LCD yenye taa za LED nyuma yake. Kioo chenyewe hakitoi mwanga. Mbele ya taa kuna tabaka la fuwele za kimiminika zinazojigeuza kama vioo vya dirisha la luva, kuuachia mwanga upite au kuuziba. Na kama luva, haziwezi kuziba kabisa. Mwanga kidogo hupenya, ndiyo maana ukizima taa ya sebuleni usiku, sehemu ya picha inayopaswa kuwa nyeusi ti huonekana ya kijivu.

Mchana kasoro hiyo huioni. Dirisha likiwa wazi, macho yako yamezoea mwanga, na kijivu kile kinapita kwa weusi bila mtu kulalamika. Kwa hiyo anayetazama mpira wa alasiri, katuni za watoto na taarifa ya saa mbili taa ikiwaka hana sababu ya kuidharau LED ya kawaida. Ni bei nafuu, fundi wa mtaani anaijua ndani nje, na ziko hata za inchi 24 na 32 zinazotumia umeme wa volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri ya sola.

Kuna jambo moja kuhusu LED ambalo wauzaji hawalisemi, nalo lina uzito kuliko hiyo 4K. Kioo cha LCD kina aina mbili kuu, VA na IPS. VA ina weusi mzito: tofauti kati ya nyeupe yake na nyeusi yake ni kama 3000 kwa 1 na kuendelea, wakati IPS huwa karibu na 1000 kwa 1. Lakini VA ukiitazama kutoka pembeni, rangi zinapauka na nyuso za watu zinakuwa kama zimepakwa unga. IPS inavumilia. Sebule zetu nyingi zina makochi pande tatu, na mgeni akija hukalishwa pale penye nafasi. Kama kwenu ndivyo ilivyo, usisimame mbele ya runinga dukani. Nenda ubavuni, karibu na ukuta, uone picha inavyobaki.

4K nayo ina mipaka yake. Inchi 43 yenye Full HD, yaani nukta 1920 kwa 1080, ukiitazama kutoka umbali unaozidi mita 1.7, jicho zima la kawaida haliwezi tena kutenganisha nukta moja na nyingine. Kwa inchi 55 umbali huo ni kama mita 2.2. Sasa kochi lako liko mita tatu kutoka ukutani, na mpira unaoletwa na king'amuzi chenyewe mara nyingi haufiki hata Full HD. Hizo nukta milioni nane za 4K utazilipia, ila kazi utakuwa huna ya kuzipa. Kuanzia inchi 55 kwenda juu huna la kuchagua kwa sababu karibu zote ni 4K. Kwenye 43 na chini yake, fedha ya 4K afadhali uiweke kwenye ukubwa au kwenye sauti.

Herufi Q, na taa zilizogawanywa kanda

QLED ni jina lililosambazwa na Samsung kuanzia mwaka 2017. Ndani kuna chembe ndogo mno zinazopokea mwanga wa bluu na kuutoa ukiwa mwekundu au kijani safi. Sayansi yake ni ya kweli, tena waliofanya ugunduzi huo, Bawendi, Brus na Ekimov, walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Faida yake ni rangi. Weusi unabaki ule ule wa LCD, kwa sababu taa za nyuma ni zile zile. Ukisikia QLED kwa bei chee, jua unanunua LED yenye rangi nzuri zaidi, basi. Na soma boksi vizuri: QLED na OLED zinatofautishwa na kamkia tu ka herufi ya kwanza, lakini ndani ni vitu viwili ambavyo havina undugu.

Mini-LED ni hatua kubwa zaidi. Badala ya taa chache kubwa, nyuma ya kioo kunapangwa maelfu ya taa ndogo, zimegawanywa katika kanda. Sehemu ya picha yenye giza, kanda yake inafifishwa au inazimwa. Sehemu yenye mwanga, kanda yake inawaka kwa nguvu. TCL ndio walioitangulia sokoni mwaka 2019, na leo karibu kila mtengenezaji anayo. Zilizo nzuri hupita niti 1000 (niti ni kipimo cha mng'ao wa picha), wakati LED ya bei ya chini huwa kwenye 250 hadi 350. Kwa sebule yenye dirisha kubwa linalotazama magharibi, hakuna kinachoishinda.

Kimbembe ni kwamba runinga yenye kanda mia moja na yenye kanda elfu moja zote zinaitwa Mini-LED. Kanda zikiwa chache, utaona ukungu mweupe umezunguka maandishi ya tafsiri chini ya filamu, au mwezi una utando usio wake. Muulize muuzaji idadi ya kanda. Asipojua, na wengi hawajui, mwambie akuwekee filamu yenye giza na maandishi meupe. Jicho litakujibu.

OLED, malkia wa usiku

Hapa taa ya nyuma haipo. Kila nukta inawaka yenyewe na kujizima yenyewe. Nukta iliyozimwa haitoi chochote, na ndiyo maana weusi wa OLED unamshangaza kila anayeuona mara ya kwanza gizani: kingo za runinga zinapotea, picha inabaki inaelea. Sony walitoa ya kwanza kuuzwa mwaka 2007, ndogo ya inchi 11. LG wakaja na inchi 55 mwaka 2013. Mpira ukipigwa kwa kasi hauachi mkia, na aliyekaa pembeni anaona kile kile anachoona aliyekaa katikati.

Kwa mtazamaji wa filamu za usiku, mimi ningesema aache kutafuta. Shida zinaanza mazingira yakibadilika.

Kwanza bei. OLED ya inchi 55 mara nyingi inasimama mara mbili au tatu ya LED ya ukubwa huo huo, na ndogo ya chini ya inchi 42 sokoni ni kama haipo. Pili, picha nzima ikiwa nyeupe, mng'ao wake hushuka, halafu kioo chake kinaakisi. Mchana wa Mombasa, mapazia yakiwa yamefunguliwa upepo uingie, utajiona wewe mwenyewe na feni yako ndani ya filamu.

Tatu ni makovu. Nukta za OLED zinachoka kadiri zinavyowaka, na za bluu huchoka upesi zaidi. Kama nyumba yenu chaneli ni moja kuanzia asubuhi hadi kulala, ile nembo ya pembeni na kisanduku cha matokeo vinawaka mahali pale pale maelfu ya saa, na mwishowe vinaacha kivuli kisichofutika. Runinga hizi zina dawa yake ya ndani: ukishaizima kwa rimoti baada ya saa kadhaa za kutazama, inajipima na kujisawazisha yenyewe kimyakimya ikiwa bado imechomekwa. Sasa fikiria desturi yetu. Mama anapita usiku anazima swichi zote za ukutani, kwa kuogopa radi na kwa kubana matumizi, au umeme wenyewe unakatika. Runinga haipati nafasi ya kufanya kazi yake. Anayenunua OLED ajue kwamba swichi ile ya ukutani haiguswi, na nyumba nzima iambiwe hivyo.

Projekta

Wengi wanaoniuliza kuhusu projekta wameshaiona mtandaoni: kidude cheupe cha ukubwa wa mkate, kinaangushia picha ya inchi 150 kwenye ukuta wa chumba, bei yake ni ndogo kuliko runinga ya inchi 43. Hesabu inaonekana rahisi. Picha ya inchi 100 ina eneo zaidi ya mara tatu ya inchi 55. Nani hataki?

Projekta inaweza kuongeza mwanga ukutani. Giza haiwezi kulirusha. Weusi wake wote ni rangi ya ukuta wako kwa saa ile, basi. Ukuta ni mweupe na saa ni kumi jioni, basi weusi wako ni mweupe, na jezi nyeusi ya mwamuzi itaonekana ya kijivu hafifu hata ukinunua projekta ya mamilioni. Wenye mabanda umiza wanalijua hili kuliko wauza maduka, ndiyo maana ukiingia kwao utakuta penye tundu pamezibwa.

Tufanye hesabu kidogo. Picha ya inchi 100 ina upana wa mita 2.2 na kimo cha mita 1.25, karibu mita za mraba 2.8. Majumba ya sinema hulenga mng'ao wa niti 48 kwenye pazia. Kuufikia mng'ao huo kwa inchi 100 unahitaji lumeni 420 hivi (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye mashine), tena chumba kikiwa giza totoro. Kile kidude cheupe, kikiwa cha kweli, kina lumeni 200, na vingine havifiki. Maana yake kwa inchi 100 unapata nusu ya mng'ao wa sinema. Ukisogeza mashine karibu na ukuta hadi picha iwe inchi 60, mwanga ule ule unajikusanya na unapata niti kama 64, picha nzuri tu ya usiku. Ahadi ya inchi 150 ni ya kweli kwa maana ya kwamba kitu kitaonekana ukutani. Utakipenda au la, hiyo ni habari nyingine.

Na usiamini namba ya boksi. Utakuta imeandikwa lumeni 9000, au 12000. Kipimo cha kuaminika kinaandikwa lumeni za ANSI au za ISO. Kama hakuna neno moja kati ya hayo, namba ile ni pambo. Vivyo hivyo na "inakubali 4K". Kukubali ni kupokea tu. Ndani mashine ina nukta 1280 kwa 720, au hata 854 kwa 480, inaiminya picha ya 4K iingie humo. Neno la kutafuta kwenye karatasi ya maelezo ni nukta halisi za paneli.

Projekta za maana ni nyingine kabisa. Ziko za DLP, zenye vioo vidogo vidogo vinavyotikisika kwa kasi, kazi iliyoanzishwa na Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987. Ziko zenye paneli tatu za LCD, ambazo Epson ndio wanajulikana nazo zaidi. Baadhi ya watu huona miale ya rangi ikipita haraka kwenye DLP yenye kichipu kimoja cha vioo hivyo, hasa wakihamisha macho, na wengine hawaioni maisha yao yote. Jaribu kabla ya kulipa, na mpeleke mwenzako naye ajaribu. Ya lumeni 3000 kwa inchi 100 inakupa niti zaidi ya 300, sawa na LED ya kawaida. Hapo mpira wa jioni, pazia likiwa limefungwa nusu, unatazamika, ingawa weusi utakuwa bado umepauka.

Halafu kuna chumba. Nyumba nyingi mpya mjini zina dari jeupe la jipsamu, kuta za rangi ya maziwa na vigae vinavyong'aa sakafuni. Mwanga unatoka ukutani, unagonga dari, unarudi ukutani, na kuipausha picha hata taa zote zikiwa zimezimwa. Ukiweza kupaka rangi iliyokolea ukuta wa picha kwa pembeni, na kipande cha dari kilicho juu yake, utaona tofauti kubwa kuliko kuongeza lumeni mia tano. Na mapazia mazito ukishayafunga Dar es Salaam mwezi wa Februari, andaa kiyoyozi au jasho.

Pima umbali pia. Projekta nyingi za nyumbani zinataka mita 2.5 hadi 3.3 kurusha inchi 100. Ikikaa mezani katikati ya chumba, kila anayekwenda jikoni anapita na kivuli chake wakati wa penalti. Iweke darini, ikitazama ukuta sawasawa. Ile njia ya kunyoosha picha iliyopinda kwa kubonyeza rimoti inapunguza nukta na kulainisha maandishi. Ziko za leza zinazokaa sentimita chache kutoka ukutani, na ni nzuri, ila zinadai pazia maalumu linalozuia mwanga wa juu, na gharama yake ukijumlisha unakuta umefika kwenye Mini-LED kubwa.

Sauti yake ni ya kuombea msaada, lakini hilo si tatizo kwa nchi ambayo kila nyumba ina sabufa. Tatizo ni waya. Projekta nyingi hazina kipokezi cha chaneli, kwa hiyo king'amuzi lazima kitoe HDMI. Kama chako ni cha zamani, chenye waya tatu tu za njano, nyekundu na nyeupe, hakikisha mashine ina tundu lake. Na programu za kulipia za filamu mara nyingi hugoma kufunguka kwenye zile za bei ya chini, au hufunguka kwa picha duni.

Umeme, vumbi na fundi

LED ya inchi 55 hula kama wati 100 hadi 150. Ukitazama saa tano kwa siku, ni nusu uniti au zaidi kidogo. Projekta ya balbu yenye wati 300 inakula uniti moja na nusu kwa muda huo huo. Lakini bili si kitu kikubwa kama kukatika kwenyewe. Balbu ya projekta huwaka kwa joto kali, na feni hutakiwa kuendelea kuzunguka baada ya kuzimwa ili ipoe. Umeme ukikatika ghafla, feni inasimama na joto linabaki ndani. Balbu iliyoandikiwa saa 4000 haifiki huko kama mtaa wenu unakatikiwa kila wiki. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya dakika kumi inatosha kuizima kistaarabu. Za leza na za LED zimeponea hapo. Ya leza huandikiwa saa 20,000, ambazo kwa saa tano za kila siku ni miaka kumi na moja.

Vidude vile vya bei ya chini mara nyingi havijazibwa ndani. Vumbi likiingia na kutua kwenye paneli, linarushwa ukutani likiwa na ukubwa wa sahani, doa la kijivu ambalo hutalifuta kwa kitambaa. Kwa Dodoma au Garissa hili si jambo la kuliwazia, litatokea.

Kwa runinga za LED, ugonjwa unaojulikana ni taa za nyuma kufa. Sauti ipo, picha haipo. Usikimbilie kuitupa. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, isogeze karibu na kioo kwa mshazari. Ukiona watu wanatembea kwa mbali gizani, kioo ni kizima na fundi atabadilisha mistari ya taa kwa gharama inayovumilika. Njia ya kuahirisha ugonjwa huo ni kuingia kwenye mipangilio siku ya kwanza na kushusha mwanga wa nyuma hadi kwenye 60 au 70 badala ya 100. Kioo kikipasuka, iwe LED au OLED, msamaha hakuna: bei ya kioo inakaribia bei ya runinga nzima. OLED ikifa nukta zake, hakuna mistari ya kubadilisha.

Kwa hiyo nani achukue nini

Sebule ya familia yenye dirisha, watoto na wageni: LED ya inchi 50 au 55, na kama makochi yako pande tatu, yenye kioo cha IPS. Ukiwa na fedha zaidi na mwanga mwingi, Mini-LED yenye kanda za kutosha, wala usimsikilize anayekuambia OLED ndiyo mwisho wa yote. Mtu mmoja au wawili, chumba chenye pazia zito, filamu za usiku, umeme unaoeleweka: OLED.

Projekta naiona kama kifaa cha pili. Anayo runinga ya mchana, anataka usiku wa mechi kubwa uwe na watu ishirini uani. Kwa AFCON ya 2027 inayokuja kwetu Kenya, Tanzania na Uganda, mtu mwenye ua, shuka jeupe lililonyooshwa vizuri, sabufa na projekta ya lumeni 2000 za kweli atakuwa na wageni wengi kuliko anaowajua. Lakini mechi za mchana atawaingiza ndani.

Ukishachagua, dukani waombe wakuwekee picha nyeupe tupu, kisha nyekundu, kisha nyeusi, utafute nukta zilizokufa na madoa ya mwanga kwenye pembe. Waranti igongwe muhuri na tarehe iandikwe mbele yako. Na runinga ibebwe ikiwa imesimama, isilazwe chali kwenye bajaji wala kuwekewa mzigo juu. Vipo vioo vinavyoletwa kwa fundi vikiwa vimepasuka ambavyo viliharibikia njiani kutoka dukani, kabla hata ya kuwashwa nyumbani.